Umekuja Kuniangalia Mimi, ama Kinanda?

SOMO LA WIKI
Maandiko: 1 Samweli 16:1–23; 17:12–30, 55–58; 18:1–30; 22:1–4

Jumapili iliyopita tulitazama ujana wa Daudi, kabla hajawa mfalme. Haya ni mafundisho yale kwa ufupi, kwa wale ambao hawakuwa nasi na kwa vikundi vya ushirika wa nyumbani. Lakini nitaanza na jambo ambalo sikulisema lote madhabahuni.

Miezi michache iliyopita kijana mmoja anayetupigia kinanda aliacha kuja. Jumapili ya kwanza tukasema labda ana homa. Ya pili tukaimba bila kinanda, na nyote mlisikia ilivyokuwa. Jumatano yake nikapanda bodaboda nikamtafuta anakoishi. Nilimkuta nje ya chumba alichokodi, anamenya viazi. Nikamsalimia, nikaketi, na kabla hata sijamwuliza habari za afya, nikasema, "Sasa, Jumapili tutakuona?"

Akaweka kisu chini. Akaniuliza kwa upole, "Pasta, umekuja kuniangalia mimi, ama umekuja kuangalia kinanda?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu jibu tulilijua sote wawili.

Ameniruhusu kuyaandika haya bila kumtaja jina. Aliacha chuo ili afuate muziki, na tangu siku hiyo yeye na babake hawakuwa wakiongea. Kulikuwa na msichana anayempenda, lakini kwao walishasema binti yao haendi kwa mtu asiye na kazi ya maana. Ili alipe kodi alikuwa anapiga muziki hotelini usiku wa Ijumaa, na baadhi yetu tulipojua tukaanza kumwangalia kwa jicho lingine. Tena ana nyimbo zake mwenyewe anazotaka kurekodi. Miaka mitatu ameketi hatua chache kutoka mimbari, na mimi sikujua kama ana wimbo hata mmoja.

Mnajua nilisomea biashara. Niliporudi ofisini nikafungua bajeti ya kanisa. Kulikuwa na pesa za kutengeneza spika, pesa za kukarabati kinanda, hata pesa za kitambaa cha kukifunika kisiingie vumbi. Kwa mtu anayekipiga hakukuwa na hata shilingi ya nauli ya mazoezi. Bajeti haijui kubembeleza. Inasema wazi ni nini tunachokithamini.

Ndipo nikarudi kumsoma Daudi. Nilikuwa nimemhubiri mara nyingi kama shujaa wa kombeo. Safari hii nilimwona kijana mwanamuziki, mwenye shida nyumbani, shida ya mapenzi, na ndoto kubwa isiyofika.

1. Nyumbani alisahauliwa

Samweli alipofika Bethlehemu kumpaka mafuta mfalme mpya, Yese alileta wana saba. Wa nane hakuitwa. Hakuwa amepotea, alikuwa kazini, anachunga kondoo wa babake huyo huyo. Ilibidi Samweli aulize kama wana wamekwisha ndipo Yese akamkumbuka. Na angalia alichofanya mtumishi wa Mungu: alisema hawataketi mpaka kijana aje. Wazee wote walisimama wakimngoja mtoto anayenuka kondoo.

Hata baada ya mafuta, mambo ya nyumbani hayakubadilika. Daudi alirudi malishoni. Alipopeleka chakula vitani, kaka yake mkubwa, Eliabu, alimkaripia mbele ya watu na kumwuliza wale kondoo wachache amemwachia nani. Vijana wengine hapa mnaijua sauti hiyo. Si adui anayekudharau. Ni mtu mliyelala naye chumba kimoja.

2. Ikulu ilitaka kinubi chake

Sauli aliposumbuliwa na roho mbaya, watumishi wake walitafuta mtu hodari wa kupiga kinubi. Daudi akaja, akapiga, mfalme akapata nafuu. Biblia inasema Sauli alimpenda sana. Lakini songa mbele mpaka mwisho wa sura ya 17. Daudi anatoka kumkabili Goliathi, na mfalme anamwuliza Abneri kijana huyu ni mwana wa nani! Ni yule yule aliyempigia kinubi nyumbani kwake. Alikuwa ameyapenda mapigo yake, lakini kwao hakukujua.

Na katika sura ya 18, mkono wa Daudi ukiwa bado kwenye nyuzi, Sauli anamrushia mkuki. Kijana, sikiliza hapa. Wanaokupenda kwa sababu ya kipawa wanaweza kukuchukia kwa sababu ya kipawa hicho hicho. Wanawake walipoimba wakimsifu Daudi kuliko mfalme, upendo wa Sauli uliisha. Ukijenga thamani yako juu ya makofi, umejenga kwa kiwanja cha mtu mwingine.

3. Mapenzi yalifanywa mtego

Sauli alimwahidi Daudi binti yake mkubwa, Merabu. Wakati ulipofika akampa mtu mwingine. Kisha akasikia kwamba Mikali, binti wa pili, anampenda Daudi. Akafurahi, lakini si kwa ajili ya binti. Aliona amepata njia ya kumfikisha Daudi mikononi mwa Wafilisti. Akaitisha mahari ya hatari, Wafilisti mia. Daudi akaleta mia mbili.

Mikali alimpenda kweli. Baadaye alimshusha dirishani usiku ili asiuawe. Hata hivyo Sauli alimwoza kwa mtu mwingine Daudi akiwa mbioni. Miaka mingi baadaye walirudiana, na katika 2 Samweli 6 wanagombana kwa maneno makali kuhusu namna Daudi alivyocheza mbele za Bwana. Kumbe mtu anaweza kutuliza moyo wa mfalme kwa muziki na ashindwe kutuliza nyumba yake. Kipawa hakiponyi ndoa, na hakizibi pengo aliloacha baba. Msioe wala kuolewa ili kuthibitishia mtu kwamba ninyi pia ni watu.

Nanyi wazazi, mahari na maswali kuhusu kazi ni haki yenu. Lakini msiweke sharti mkiombea lishindikane.

4. Ndoto ilicheleweshwa

Mafuta yalimwagwa Daudi akiwa kijana wa malishoni. Alianza kutawala akiwa na miaka 30 (2 Samweli 5:4). Katikati hapo kuna mkuki, kukimbia na kulala mapangoni. Mara mbili, katika sura ya 24 na ya 26, Sauli aliangukia mikononi mwake, na watu wake wakamhimiza amalize. Alikataa kufika kwenye kiti kwa njia ya mkato. Kama Mungu amekuonyesha jukwaa, usiliuzie utu wako ili ufike mwaka huu. Usitie sahihi karatasi ambayo hujaielewa, hata kama mwenye studio anakwambia nafasi ni leo tu.

5. Pangoni familia ilirudi

Hapa ndipo moyo wangu ulipovunjika. Sura ya 22, Daudi amejificha katika pango la Adulamu. Hana ikulu, hana mke, hana jina zuri tena. Ndugu zake na jamaa yote ya babake wanasikia, nao wanamshukia huko. Wenye dhiki, wenye madeni na wenye uchungu moyoni wanamjia pia, kama watu 400. Kisha Daudi anakwenda Moabu kumwomba mfalme wa huko awahifadhi baba yake na mama yake, mpaka ajue Mungu atamfanyia nini. Baba aliyemsahau malishoni anatafutiwa mahali pa kulala na mtoto yule yule.

Daudi hakungoja afanikiwe ndipo awatunze, wala hakudai waombe msamaha kwanza. Hakuwa hata anajua kesho yake mwenyewe. Aliweza hivyo kwa sababu mtu fulani alishakataa kuketi mpaka yeye aje, na nyuma ya mtu huyo alikuwa Mungu anayetazama moyo.

Nikirudi kwa kijana wetu

Wiki iliyofuata nilienda tena, na sikutaja Jumapili. Tulimenya viazi. Mara ya tatu akaniwekea wimbo wake kwenye simu. Baadaye, kwa ruhusa yake, nilienda kumwona babake. Nilidhani mzee ataanza na karo iliyopotea. Aliniuliza neno moja kwanza: "Anakula?"

Wameongea kwa simu mara mbili sasa. Mzee bado anataka arudi chuo, na kijana hajaahidi. Mambo ya msichana hayajatulia. Ya hoteli tunaendelea kuyazungumza. Sisemi kila mahali panamfaa mtoto wa Mungu. Nasema tulijua haraka anakopiga Ijumaa, na hakuna aliyejua kama Alhamisi alikula. Kamati ya fedha imekubali kuweka nauli ya wanamuziki katika bajeti.

Kijana anakuja ibada ya pili, anaketi nyuma karibu na mlango. Hajarudi kwenye kinanda, na mimi sijamwomba. Tukiimba bila kinanda Jumapili hii, basi tuimbe. Kiti kile cha nyuma kina mtu, na hilo ndilo tulilokuwa tumekosa.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Nani nyumbani kwako hukumbukwa tu kazi yake inapohitajika?
2. Taja mtu mmoja anayehudumu kanisani ambaye hujui anakoishi. Utamtembelea lini?
3. Kijana, ni nani unayetaka akuone ndipo ujisikie una thamani? Soma Zaburi 27:10, kisha uombe.

Tuombe

Baba, utusamehe kwa kuwa tumependa sauti za watoto wako tukasahau matumbo yao na machozi yao. Wakumbuke walioko malishoni. Rudisha mioyo ya baba kwa wana, na ya wana kwa baba. Utufundishe kusimama na kungoja mpaka aliyesahauliwa aje. Katika jina la Yesu, Amina.