Wanachama hawataki michango kwa simu

*Mimi ni mweka hazina wa chama chetu Kayole. Nataka michango ilipwe kwa M-Pesa, lakini wanachama wakongwe wanang'ang'ania pesa taslimu na daftari. Nifanyeje? – Mama K.*

Mama K., hawaogopi simu. M-Pesa ipo tangu 2007. Wanachohofia ni kupoteza macho yao: daftari husomwa na wote, ilhali meseji huingia kwa laini yako peke yako. Utasema meseji ni ushahidi tosha. Ndiyo, ila anayeuona ni wewe tu. Fungueni akaunti ya benki ya chama yenye paybill na watia saini watatu, kisha kila mkutano taarifa isomwe kwa sauti huku katibu akijaza daftari lilelile. Msilifunge mapema. Aliyekosea namba atume ujumbe wa M-Pesa kwa 456 papo hapo kuomba pesa zirudishwe. Hesabu zikikataa kulingana, nendeni benki mkaombe taarifa kamili.