Saa ya Mbeya, saa ya Nakonde

SWALI: Natoka Iringa, nitapanda treni ya TAZARA Mbeya kwenda Kapiri Mposhi. Nasikia saa hubadilika mpakani. Nifuate ipi?

JIBU: Ni kweli, ndugu yangu. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja mwaka mzima. Tunduma ikiwa saa 12 jioni, ng'ambo ya pili Nakonde ni saa 11. Ajabu ni kwamba jua la Mbeya liko karibu zaidi na saa ya Zambia: saa yetu hufuata longitudo 45, yao 30, na Mbeya iko kama 33. Ndiyo maana kwa wastani jua hufika utosini Mbeya saa 6:45 mchana.

Kwenda hakuna hatari kubwa. Ukisahau kurudisha saa nyuma, utawahi tu. Ogopa kurudi. Simu iliyobaki na saa ya Zambia itakuonyesha saa 7 wakati Tunduma ni saa 8, na basi la Iringa limeshaondoka. Simu hizi mpakani si za kuaminika, kwani huweza kunasa mtandao wa upande wa pili na kujibadilisha zenyewe. Zima mpangilio wa saa wa moja kwa moja, kisha vaa saa ya mkono yenye saa ya Tanzania, usiiguse hadi urudi.

Unapokata tiketi, muulize karani kila muda ni wa nchi gani. Na 14:00 kwenye tiketi ni saa 8 mchana. Wengi hujichanganya hapo kabla hata ya kufika mpakani.