Mtoto wa Mbwa wa Kuokota: Tumpokee Vipi?

Leo tunazungumza habari za mbwa. Wengine mtacheka. Mtasema, "Mbwa naye ana somo gani? Si unamtupia ukoko, basi?" Tusikilizane kwanza, halafu tuone.

Tuseme ni siku ya gulio. Mtoto wetu anarudi nyumbani amekumbatia mtoto wa mbwa. Amemwokota nyuma ya mabanda ya nyama. Mbavu zinahesabika, tumbo limevimba, masikio yamejaa kupe. Mtoto anasema, "Mama, tumfuge huyu." Mama anamtazama baba. Baba anakuna kichwa.

Hapo pana njia tatu. Tukimfukuza, atakuwa mbwa koko. Tukimpokea ovyo ovyo, tumeingiza hatari nyumbani. Tukimpokea vizuri, tutapata mlinzi na rafiki wa miaka mingi. Somo letu ni la njia hii ya tatu.

KWANZA: KICHAA CHA MBWA

Jambo la kwanza si chakula, wala jina. Ni ugonjwa. Kichaa cha mbwa hukaa katika mate. Humwingia mtu kwa kuumwa, kwa kukwaruzwa, au kwa kulambwa penye kidonda. Dalili zikishatokea, kwa mtu au kwa mbwa, karibu hakuna anayepona. Na mtoto wa mbwa naye huupata. Tusidanganyike kwa sababu ni mdogo.

Mbwa aliyeumwa na mwenye kichaa anaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, bila kuonyesha kitu. Kwa hiyo tufanye hivi:

1. Tuulize alikotoka. Mama yake ni nani? Je, huko kuna mbwa aliyeshikwa na kichaa?

2. Tumweke peke yake uani. Mtu mzima mmoja ndiye amhudumie, na anawe mikono kwa sabuni kila mara.

3. Tumwite afisa mifugo, au tumpelekee. Yeye atatuambia achanjwe lini na arudiwe lini. Mara nyingi sindano ya kwanza huchomwa akifika miezi 3. Lakini siku ya kampeni ya chanjo hata wadogo kuliko hao huchanjwa, kisha hurudiwa.

4. Tuendelee kumwangalia. Mbwa aliyebadilika ghafla, anayetokwa mate mengi, anayeshindwa kumeza, anayeuma hata miti, au aliyelegea miguu, asiguswe. Afungiwe, na afisa mifugo aitwe.

Je, mtu akiumwa au akikwaruzwa? Aoshe kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15. Asipake mkaa, wala mafuta, wala majani. Siku hiyo hiyo aende zahanati au hospitali. Akianzishiwa sindano, amalize zote. Na yule mbwa tusimwue na kumtupa. Kama anaweza kufungiwa bila hatari, afungiwe na aangaliwe kwa siku 10, afisa mifugo akiwa na habari.

Chanjo ina faida kweli? Tutazame Pemba. Mwaka 2010 kazi ya kuchanja mbwa ilianza kisiwani humo. Kufika mwaka 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetoweka. Lakini mwaka 2016 kiliingia tena kutoka nje ya kisiwa. Watu wakarudi kazini, wakachanja tena, na mwaka 2018 kikaondoka tena. Tunajifunza mambo mawili. Ugonjwa huu unashindika. Na mbwa mmoja mgonjwa kutoka mbali anaweza kuurudisha.

PILI: SIKU ZA MWANZO TUMWACHE APUMUE

Huyu mdogo ametoka kwenye mateke na mawe. Hajui kuwa sisi ni watu wema. Kwake kila mkono unaoinuliwa ni fimbo. Kwa hiyo haraka haraka haina baraka.

Tumtengee kona moja kavu, isiyoingia mvua wala jua kali. Gunia kuukuu latosha. Bakuli la maji likae hapo hapo mchana na usiku. Watoto wasimzunguke na kumshangilia. Mtu mmoja akae chini karibu naye, ametulia, bila kumkodolea macho. Amwache aje mwenyewe kunusa mkono.

Usiku atalia. Jamani, tusimpige! Anamlilia mama yake. Tumsogeze karibu na ukuta wa chumba tunacholala, asikie sauti za watu. Baada ya siku chache atanyamaza.

Tujifunze kusoma mwili wake, kama tulivyojifunza kusoma herufi. Mkia umeingia katikati ya miguu, masikio yamelala nyuma, mwili umeganda: anaogopa. Midomo imekunjwa na meno yanaonekana: anasema, "Msinisogelee." Mara nyingi mbwa anayeuma si jasiri, ni mwoga aliyekosa pa kukimbilia. Watoto wafundishwe mambo haya matatu: wasimguse akila, wasimguse akilala, na wasimbane kwenye kona.

TATU: TUMBO NA NGOZI

Mbwa aliyeshinda njaa siku nyingi tusimshibishe kwa siku moja. Ataharisha. Tumpe kidogo kidogo, mara 3 au 4 kwa siku. Ugali laini na dagaa waliochemshwa ni chakula kizuri. Tusimpe vitunguu, ni sumu kwake. Tusimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha na kumtoboa tumbo.

Tukichinja, tusimtupie maini au mapafu mabichi yenye malengelenge. Humo mna tegu. Mbwa akiyala, tegu hukua tumboni mwake, na mayai yake hutoka na kinyesi. Mtu akiyameza mayai hayo kwa mikono michafu au kwenye mboga, humwotea uvimbe kwenye ini au mapafu. Viungo hivyo vichemshwe sana, au vichomwe, au vizikwe chini sana asifukue.

Tumbo lililovimba kwa mtoto wa mbwa mara nyingi si shibe, ni minyoo. Tumwombe afisa mifugo dawa, na turudie kama atakavyosema. Kinyesi kifukiwe kila siku.

Kupe tuwang'oe mmoja mmoja. Wako wanaompaka mbwa oili chafu, au dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia. Hilo ni kosa. Mbwa hujilamba, kwa hiyo sumu yote huishia tumboni.

NNE: KUMFUNDISHA

Samaki mkunje angali mbichi. Tumpe jina moja, fupi, na nyumba nzima itumie hilo hilo. Tumwite kwa jina kila tunapompa chakula. Haya, baada ya siku chache ataitika.

Akiamka na akimaliza kula, tumtoe nje, mahali pale pale. Akijisaidia hapo, tumsifu kwa sauti nzuri. Akikosea ndani, tusafishe tu. Kumpiga baada ya saa nzima hakumfundishi kitu, kwa maana hakumbuki alikosa nini. Anajifunza kutuogopa tu.

Kuku na mbuzi awazoee akiwa amefungwa kamba, mtu akiwa karibu. Aone pia baiskeli, aone mzee mwenye mkongojo, asikie ngoma. Asipozoea akiwa mdogo, atavikimbiza akiwa mkubwa.

Wako wanaosema mlinzi hana budi apigwe, afungwe mchana kutwa na alishwe pilipili ili awe mkali. Kumbe wanajitengenezea adui. Mbwa wa namna hiyo hachagui mwizi na mgeni, wala hachagui mgeni na mtoto wa nyumbani. Tena Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Mbwa anayeipenda nyumba yake huibwekea mwizi bila kufundishwa.

Akikaribia nusu mwaka, tuulize habari za kumhasi dume, au kumfunga kizazi jike. Kama sivyo, mwakani tutakuwa tunagawa watoto wa mbwa gulioni, nao wataishia nyuma ya mabanda ya nyama.

TANO: TUSIMSAHAU JIRANI

Ndugu zetu Waislamu hufuga mbwa kwa ulinzi na kuchunga, lakini mate yake ni najisi kwao. Basi mbwa wetu asiingie uani kwa jirani, wala asilambe vyombo vyake. Tuwe na bakuli la mbwa peke yake, lisichanganywe na vyombo vya watu. Jirani akiheshimiwa, mbwa naye atapendwa.

SITA: KISOMO CHETU KIFANYE KAZI

Hapa ndipo tunapoona faida ya kujua kusoma na kuandika. Tufungue ukurasa mmoja katika daftari la nyumbani. Tuandike:

Jina la mbwa.
Tarehe tuliyompata, na mahali.
Tarehe ya chanjo, na tarehe ya kurudia.
Tarehe ya dawa ya minyoo.

Kadi ya chanjo tuihifadhi ndani ya daftari hilo. Siku mtu akiumwa, wahudumu wa afya watauliza, "Mbwa huyu amechanjwa?" Tusiseme, "Nadhani." Tufungue daftari, tuwasomee.

Ndugu wasomaji, mbwa hawi wetu siku ile anapoingia uani. Siku za kwanza anaogopa. Wiki za kwanza anatupima. Inapita miezi kabla hajalala chali katikati ya uwanja, bila wasiwasi, watoto wakipita. Siku tutakayomwona hivyo, tujue amefika nyumbani.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini jambo la kwanza ni chanjo, si chakula?
2. Mtoto amekwaruzwa na mbwa mguuni. Tutafanya nini kwa dakika 15 za kwanza? Baada ya hapo?
3. Tunajifunza nini kutokana na habari za Pemba?
4. Hapa kijijini kwetu mbwa walichanjwa mara ya mwisho lini? Nani ataandika barua fupi kwa afisa mifugo kumwuliza siku ya chanjo ijayo?