Umeme wa Jua Katika Tela la Biashara

Malori hupanga foleni Malaba na Busia, na madereva hununua chai, ndizi na maziwa. Ukiwa na tela lenye kibanda utahitaji taa. Kabla hujatoa fedha za mavuno kununua sola, shika kalamu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwanza, matumizi ya siku. Taa 3 za wati 5, kwa saa 4, ni wati-saa 60. Redio ya wati 5, kwa saa 6, ni 30. Simu 6, kila moja wati-saa 10, ni 60. Jumla 150.

Pili, paneli. Umeme hupotea njiani, basi ongeza robo: karibu 190. Wakati wa masika hesabu saa 4 tu za jua kamili. Gawanya: wati 48. Nunua paneli ya wati 60.

Tatu, betri. Akiba ya siku 2 ni wati-saa 300. Betri ya asidi ikitumiwa kupita nusu hufa upesi, kwa hiyo yakupasa uwe na 600. Gawanya kwa volti 12: ampea-saa 50.

Nne, ufungaji. Ikweta i karibu, basi paneli ilale, iinamishwe kidogo tu ili mvua ioshe vumbi. Kivuli cha mwembe kisiifikie. Kontrola ikae kati ya paneli na betri, fyuzi karibu na betri. Ifunge betri kwa mkanda, isiruke barabarani.

Zoezi: ukiongeza taa moja, je, betri hiyo itatosha? Jibu kabla ya kwenda dukani.