Mwambie Akuonyeshe: Dawa ya Kuvuta na Wazee Wetu wa Black Rock

Kazi yangu ni ukalimani wa kliniki hapa Buffalo. Jioni nikishavua beji nabaki jirani tu wa mtaa wa Black Rock, na majirani hubisha hodi: mzee anakohoa, dawa anayo, hapati nafuu. Wengi ni watu wa Uvira na Fizi, Kongo, waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Wana pumu ya miaka mingi, au ule ugonjwa sugu wa mapafu ambao madaktari wa huku huuita COPD.

Swali la "umetumia dawa?" lifute kabisa. Jibu lake ni ndiyo, siku zote. Mzee hawezi kumwambia kijana wa umri wa mwanawe kwamba ameacha. Mimi humsalimia, hukaa, hunywa chai nikikaribishwa, kisha husema: "Mama, naomba unionyeshe unavyoivuta."

Hapo ndipo mambo hufichuka. Mama mmoja alitikisa pampu vizuri, akafungua mdomo, akabonyeza, na wingu jeupe likamtokea pembeni ya midomo. Kila siku alikuwa akiitumia dawa, na mapafuni haikuwa ikifika. Ukiona wingu hilo, dawa imepotelea hewani. Kwa pampu ya kupuliza, atoe pumzi yote kwanza, abane midomo kwenye pampu, aanze kuvuta polepole huku akibonyeza, kisha azuie pumzi mpaka ahesabu kumi, kama anaweza. Vidole vikiwa vizito, mwombe daktari aandike spesa, lile bomba la plastiki linalokaa kati ya pampu na mdomo. Lioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, liachwe likauke lenyewe bila kufutwa kwa kitambaa.

Pampu ya unga ni kinyume chake: haitikiswi, na huvutwa kwa nguvu na kwa haraka. Mwenye zote mbili huzichanganya, na simlaumu.

Kisha kuna dawa ya kila siku na dawa ya kubanwa kifua. Ya kubanwa hufungua kifua ndani ya dakika chache, kwa hiyo hupendwa. Ya kila siku mara nyingi huihisi ikifanya kazi ukiivuta, na mzee anaona anavuta hewa tupu. Mweleze kwamba hii kazi yake ni kuzuia kesho. Usitegemee rangi, tuliozoea ile ya bluu tutapotea, maana huku ya kubanwa huja hata nyekundu au njano. Mimi hubandika utepe na kuandika. Kwa asiyesoma nachora jua na mwezi kwenye ile ya asubuhi na usiku.

Pampu iwekwe wapi? Si bafuni, mvuke huharibu unga. Mahali pake ni karibu na vikombe vya chai, mbali na joto na mvuke wa birika. Avute, asukutue maji na kuyatema, ndipo anywe chai. Kusukutua si madoido: nyingi za kila siku zina steroidi, na zikibaki kinywani huleta utando mweupe wenye kuwasha. Nimeona watu wakiacha dawa kwa ajili ya utando huo na kumficha daktari.

Wengine huibania kwa sababu ya bei. Mwaka 2024 kampuni kadhaa kubwa zilitangaza kwamba mgonjwa hatalipa zaidi ya dola 35 kwa mwezi kwa pampu zao, ingawa wenye bima ya serikali wana utaratibu wao. Muulize mfamasia bila haya.

Na daktari akiuliza kuhusu sigara, mama atajibu hapana, na mazungumzo yataishia hapo. Msaidie ataje jiko: kuni na mkaa, miaka mingi, chumba bila dirisha. Hewa ya huku nayo si ya kusifiwa. Barabara ya I-190 inapita kando ya mto, na malori ya Kanada huvuka daraja la Peace Bridge. Daktari Jamson Lwebuga-Mukasa alichunguza msongamano wa daraja hilo na wagonjwa wa kifua wa mtaa wa pale, kabla na baada ya Septemba 11, 2001. Malori hatutayahamisha sisi. Pampu tunaiweza.

Angalia namba ya dozi zilizobaki iliyo kwenye pampu. Ikikaribia 20, agiza nyingine. Dhoruba ya theluji ya Desemba 2022 iliua zaidi ya watu 40 katika eneo hili na barabara zikafungwa. Siku kama hizo hakuna duka la dawa la kukimbilia.

Mfungo wa Ramadhani upangwe mapema. Dawa ya mara mbili kwa siku mara nyingi huweza kuingia wakati wa daku na futari, kwa idhini ya daktari. Ya kubanwa haingoji adhana: avute kwanza, suala la saumu amuulize imamu baadaye.

Akishindwa kumaliza sentensi, au ufizi na kucha zikibadilika rangi kuwa kijivu, piga 911 huku akiendelea kuvuta ile ya kubanwa alivyoelekezwa. Sema "Swahili" na uombe mkalimani. Pampu zote ziende naye kwenye ambulansi, zikiwa na tepe zake.