Lini Useme Imetosha: Mafunzo Niliyopata kwa Kuhariri Tasnifu

Ninaishi kwa kuhariri tasnifu za wanafunzi wa uzamili na uzamivu hapa Dar es Salaam. Nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Mimi hunyoosha lugha, hukagua majedwali, kisha huandaa ikisiri ya Kiswahili pamoja na fomu watakazosomewa wananchi. Mahafali yakikaribia, sheria, fizikia na afya hurundikana kwenye meza moja. Watu hudhani kinachonitoa jasho ni istilahi. Istilahi zina kamusi. Kinachonitoa jasho ni kwamba kila fani ina namna yake ya kuamua kuwa sasa imetosha, tuseme.

1. Tazama kwanza mwandishi anaogopa nini

Tasnifu ya sheria huanza na orodha ya kesi na sheria, kurasa nzima, kabla hata ya utangulizi. Mwandishi anaogopa kuegemea hukumu iliyokwisha kutenguliwa. Ya fizikia hujaa grafu, na kila nukta ina kijistari juu na chini kuonyesha kipimo kinaweza kupotoka kiasi gani: huyu haamini hata chombo chake mwenyewe. Ya afya nenda nyuma kabisa, kwenye viambatisho: kibali cha maadili, dodoso, fomu ya ridhaa. Hapo hofu ni kumdhuru mtu. Nikishajua hofu ilipo, najua pa kukaza jicho.

2. Mtu mmoja anaweza kutosha

Mwanafunzi wa afya aliyekuwa akisubiri zamu yake aliwahi kuchungulia tasnifu ya mwenzake wa sheria akaniuliza, "Sampuli yake ni mtu mmoja tu?" Mtu mwenyewe alikuwa Holaria Pastory wa Muleba, mkoani Kagera. Alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Uzee ulipomfikia bila wa kumtunza, mwaka 1988 akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani: kwa mila za Kihaya mwanamke hutumia ardhi ya ukoo, hauzi. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo ni ya kibaguzi na haiwezi kusimama mbele ya haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984.

Mtu mmoja, shamba moja. Lakini swali la mwanasheria halikuwa ni wanawake wangapi wamezuiwa kuuza. Aliuliza kama kanuni yenyewe inasimama, na kwa swali hilo kesi moja iliyoamuliwa vizuri inazidi dodoso elfu.

3. Hakimu hana ruhusa ya kusema "turudi tukapime tena"

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na mvulana akisubiri hadi 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alipoipinga, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Pande mbili zimesimama mbele ya jaji. Mmoja lazima aondoke ameshindwa. Ndiyo maana Kiingereza cha wanasheria kina sauti ya uhakika inayowakera wanafunzi wa sayansi. Zamani nilikuwa nikiipunguza makali. Siku hizi naiacha.

4. Fizikia haina haraka, na haimwonei mtu aibu

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba huko Lushoto, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari. Nafasi kwenye friza ilikuwa ikigombaniwa. Erasto Mpemba akaingiza yake ikiwa bado ya moto, na ikaganda kabla ya ya mwenzake ambaye hakuyachemsha maziwa yake. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lile mgeni aliyekuja kutoa mhadhara, Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake wakaangua kicheko. Osborne, na hapa ndipo ninapomvulia kofia, alirudi chuoni akaagiza lijaribiwe. Makala ya wawili hao ikachapishwa mwaka 1969.

Hadithi hii husimuliwa mashuleni kana kwamba ilikwisha hapo, kijana wa Kitanzania akiwa ameshinda. Haikwisha. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walipima upya na kusema hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hupoa na kufikia nyuzi sifuri mapema kuliko ya baridi. Waliongeza kwamba kukihamisha kipimajoto juu au chini kwa sentimita moja tu kunatosha kukuonyesha "maajabu" hayo. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, kule Canada, wakaonyesha jambo la jinsi hiyo kwa uwazi, lakini si kwa kugandisha maji: walitumia chembe ndogo mno iliyoelea katika kimiminika. Zaidi ya nusu karne, na mlango bado uko wazi. Hakuna mlalamikaji anayesubiri nje, hakuna mgonjwa. Mpemba mwenyewe alikwenda zake kusomea wanyamapori katika chuo cha Mweka.

Sentimita ile imenibadilisha. Mwanafunzi wa fizikia akiandika "imethibitika", humuuliza kipimajoto chake kilikaa wapi.

5. Afya huamua ikiwa bado na shaka

Katika miaka ya 1990 chanjo ya malaria iitwayo SPf66 ilijaribiwa kwa watoto wa Idete, Kilombero. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31. Majaribio ya Gambia na Thailand hayakuikuta, na chanjo ikawekwa kando. Ikaja RTS,S, ikajaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika vituo vya nchi saba za Afrika, Bagamoyo na Korogwe vikiwemo. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, ilipunguza malaria kwa takriban asilimia 36. Mwanafizikia wangu mmoja alicheka: "Hiyo nayo ni kinga?" Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike. Ugonjwa unaoua watoto kwa malaki kila mwaka hausubiri asilimia 90.

6. Ukitaka kujua utafiti umeeleweka, isome fomu ya ridhaa kwa sauti

Fomu hizi ndizo kazi ninayoipenda. Damu inayotolewa haiandikwi kwa mililita 5 peke yake, bali kijiko kimoja cha chai. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye mtu wa mradi. Mshiriki anaweza kujitoa siku yoyote na matibabu yake yakaendelea kama kawaida. Hayo hayana shida. Shida ni kugawa watu makundi kwa bahati nasibu. Tulipokuwa tukiijaribu fomu moja katika kijiji cha mkoa wa Pwani, mama aliyembeba mtoto mgongoni alimkatiza muuguzi:

"Sasa nani anachagua? Daktari?"

"Hapana, mama. Kompyuta."

"Na hiyo kompyuta inamjua mwanangu?"

Kutomjua ndiko kunakotakiwa, ila jaribu kulisema hilo mbele ya mama bila kumtisha. Tuliandika aya upya: daktari asichague, kwa sababu angewapendelea walio hoi au walio karibu naye, na mwishowe tusijue kama dawa imesaidia au upendeleo umesaidia. Mama akaafiki. Mtahini baadaye alisema aya hiyo inaeleza mbinu vizuri kuliko sura nzima ya tatu, nami sikubishana naye.

7. Fani tatu zinaweza kukutana kwenye namba moja

Tasnifu iliyonifunza hili ilihusu wapiga picha za eksirei hospitalini. Kila mmoja huvaa kifuani kibeji kinachonyonya mionzi, kisha hupelekwa kusomwa. Kikomo kwa mfanyakazi ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka, ukipigwa kwa miaka mitano. Kwa mwananchi wa kawaida ni 1. Fizikia inaisoma dozi kwenye kibeji bila taabu kubwa. Afya, ikitegemea sana takwimu za manusura wa Hiroshima na Nagasaki, huchukulia kwamba hata dozi ndogo ina hatari yake, ingawa kwenye dozi za chini hatari yenyewe ni ngumu kuiona. Sheria haiwezi kuishi na "pengine". Inahitaji mstari ili mwajiri aweze kubanwa.

Mwanafunzi alikuwa ameandika kwamba wafanyakazi wote walikuwa chini ya 20, na kwa hiyo wako salama. Nikamwambia sehemu ya kwanza ameipima, ya pili hajaipima. Tukaandika kwamba wote walikuwa ndani ya kikomo cha kisheria, na kwamba waliokaribia 20 wapunguziwe zamu.