SOMO: NABII ISAYA NA TINI ZA MFALME

Usomaji: 2 Wafalme 20:1-7



Mfalme Hezekia alipougua karibu na kufa, aliomba na kulia. Mungu akamrudisha nabii Isaya na habari njema ya kumwongezea miaka 15. Lakini angalieni nabii alifanya nini baada ya kutoa neno hilo: aliagiza tini ziletwe, ziwekwe juu ya jipu. Ndipo mfalme akapona. Kinywa kile kile kilitoa neno na dawa. Wengi wetu tunasoma mpaka mstari wa 6, kisha tunafunga kitabu.

Tunasema hivi kwa sababu ya mambo yaliyotupata Kivu ya Kaskazini. Tarehe 1/8/2018 serikali ilitangaza Ebola upande wa Mangina, karibu na Beni. Ilipotangazwa kwisha tarehe 25/6/2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Ugonjwa huu hupita kwa damu, matapishi na maji mengine ya mwili, hata ya maiti. Maana yake unatungojea pale pale tunapoonyesha upendo: kuweka mikono juu ya mgonjwa, kuosha mfu wetu. Vyumba vingine vya maombi viligeuka njia ya kifo. Ni vigumu kuandika hivyo katika jarida la kanisa la maombi, lakini ni kweli.

Basi kwa nini wengi walikataa chanjo? Si ujinga tu. Siku 4 kabla ya uchaguzi wa 30/12/2018, Tume ya Uchaguzi ilisema watu wa Beni na Butembo watangoje mpaka Machi, kwa sababu ya Ebola na vita. Rais mpya akaapishwa tarehe 24/1/2019, wao hawajapiga kura. Watu wakauliza: kanisani tunajaa, sokoni tunajaa, ni kura tu inayoambukiza? Swali hilo lilikuwa la haki, na mchungaji aliyelinyamazia alikosa.

Lakini hasira iliangukia pasipopasa. Kesho yake ya tangazo lile, kituo cha wagonjwa huko Beni kilivamiwa. Tarehe 19/4/2019 daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Yeye hakuahirisha kura ya mtu yeyote.

Tena wengine walisema dawa hizi ni mambo ya wazungu. Mwaka 1995, kule Kikwit, profesa Muyembe na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona; 7 wakaishi. Na dawa iitwayo mAb114, iliyosaidia wengi waliofika kituoni mapema mwaka 2019, asili yake ni damu ya Mkongo mmoja aliyepona huko Kikwit.

Kwa mazungumzo ya vikundi: mgonjwa mwenye homa na kutapika akiletwa usiku kwenye chumba chenu cha maombi, nani atamwita muganga? Nani ataomba, akisimama wapi? Mama na watoto waliomleta watalala wapi? Andikeni majina, mmpe mchungaji.